Jina Lililokwama Ukutani

Ujibuni ni nchi ambayo mtu hasagi unga wala hachumi mboga kwa mkono wake. Kila anachokihitaji anakiomba kwenye Ukuta, na akishaomba anangoja ajibiwe. Mwasiti binti Shekue, mkalimani wa mahakama aliyezoea kukaa kati ya hakimu na mshtakiwa, alipofika huko alidhani ameingia nchi ya watu wavivu. Baadaye aliona kwamba uvivu ungekuwa nafuu.

Namna alivyosafiri si habari ya kutuchelewesha. Aliitwa, akaenda.

Nyuma ya Ukuta wanaishi Watenda. Hakuna aliyewahi kuwaona sura. Inajulikana tu kwamba wana nguvu, hawachoki, hawasinzii, hawana huruma na hawana chuki. Lugha yao ni ya kugonga: pigo na kimya, pigo na kimya, basi. Ukiwagongea sawasawa watatenda ulichogonga. Ukiwagongea vibaya watatenda hicho kibaya kwa bidii ileile.

Lakini sheria za Ujibuni, zinazosema nani apewe nini na kwa masharti gani, zimeandikwa kwa lugha ya watu. Neno la mtu litageukaje kuwa pigo la ukutani? Hapo ndipo nchi ilipopasuka vipande viwili. Upande wa mashariki wako Wasomaji. Mwombaji akifika dirishani kwao, Msomaji hufungua sheria tangu mwanzo, akasoma mstari, akaugonga kwa nyundo ndogo, akasoma unaofuata, akaugonga, hivyo hivyo hadi mwisho. Akija mwombaji mwingine, anaanza upya. Upande wa magharibi wako Wafuaji. Wao huichukua sheria nzima wakaipeleka tanurini, wakaifua ikawa bamba la shaba lenye vinundu. Bamba likishasukumwa Ukutani, Watenda hulipapasa mara moja na kujua yote.

Kila mwaka pande hizi hufanya Mjadala Mkuu wa kuamua ipi ndiyo njia ya haki. Mwaka huo walisikia kwamba kuna mwanamke ugenini anayekula kwa kugeuza maneno ya watu. Kila upande ukampelekea mwaliko, kila upande ukiamini ni shahidi wake. Ndiyo maana siku aliyofika alipokewa na matarumbeta ya bendi mbili, zikipiga nyimbo tofauti kwa wakati mmoja.

Alipewa chumba katika nyumba ya wageni iliyotunzwa na mwanamke aitwaye Kabula, mjane mwenye sauti ya chini na mikono isiyotulia. Kabula alikuwa na binti mmoja, Ng'walu, ambaye meno ya mbele yalikuwa yameng'oka na mengine hayajaota. Mtoto alisimama mlangoni akimwangalia mgeni anavyofungua mzigo wake.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama anasema kazi yako ni kusema maneno ya watu wengine."

"Ndiyo hiyo."

Mtoto alifikiri kidogo. "Na ya kwako unayasema saa ngapi?"

Kabula alimkaripia kutoka jikoni, lakini Mwasiti alicheka, na tangu hapo wakawa marafiki. Mtoto alimfuata kila alikokwenda ndani ya ile nyumba, akimuuliza maneno: mbwa kwenu mnamwitaje, na mwizi, na mtu anayelala mchana.

Kesho yake wenyeji walimtembeza. Msomaji Mkuu, Bwana Mkwande, mtu mrefu mwenye ndevu zilizochanwa vizuri, alimpeleka mwenyewe kwenye madirisha ya mashariki. Foleni ilikuwa ndefu. Mzee mmoja alikuwa ameomba viatu. Msomaji alisoma na kugonga, akasoma na kugonga, kikatoka kiatu cha kushoto. Akasoma tena, akanyamaza. Mstari unaofuata ulikuwa na neno lililoandikwa vibaya. Ukuta ukafunga.

"Na cha kulia?" mzee aliuliza.

"Ndio huo mstari wenyewe, baba," Msomaji alisema, akachukua mkaa, akalisahihisha neno palepale.

Bwana Mkwande alimgeukia Mwasiti kwa fahari. "Umeona? Papo hapo. Hakuna kufunga tanuri, hakuna kungoja. Kosa linaonekana, linafutwa."

"Lakini mzee ameondoka na kiatu kimoja."

"Atarudi kupanga foleni. Sheria sasa ni safi."

Mchana akachukuliwa na Mfuaji Mkuu, Bi Adira, mwanamke mkali mwenye bangili za shaba hadi karibu na viwiko. Kwake foleni ilikimbia. Mtu alikuwa hajamaliza kusema shida yake kitu kimeshadondoka. Mama mmoja aliomba sukari akapewa chumvi, haraka ajabu, na watu waliosimama karibu wakapiga makofi kwa ile haraka.

"Ameomba sukari," Mwasiti alisema.

"Bamba hilo lina hitilafu ndogo, tunaijua," Bi Adira alijibu. "Tangu mvua za mwaka jana. Kulifua upya ni lazima tanuri lizimwe, lipoe, liwashwe. Lakini umeona mwendo wake?"

"Na bamba linasemaje? Nani anaweza kulisoma?"

"Halisomwi. Likishafuliwa halisomwi. Ndiyo maana hakuna mjinga anayeweza kulichezea."

Palikuwa na ukoo mwingine wa Wafuaji, mdogo, ambao hawakufua chochote mpaka mwombaji wa kwanza wa siku afike. Huyo husimama juani akingoja shaba iyeyuke na kupoa, na wote wa nyuma yake hupita kama upepo. Kwa hiyo kila asubuhi watu walijificha nyuma ya vibanda, wakijifanya wanafunga kamba za viatu, kila mmoja akimngojea mwenzake atangulie. Aliyetangulia mwisho wa yote ni yule asiye na miguu ya kusimama mafichoni: mgonjwa, au bibi kizee. Waliita desturi hiyo heshima kwa wakubwa.

Mwasiti aliyaona haya akayameza. Ugenini mtu hacheki desturi za watu kabla hajala chumvi yao. Lakini alfajiri ya siku ya Mjadala aliamshwa na sauti ya Kabula kupitia ukuta wa chumba, sauti ileile ya chini, ikiita jina la mtoto mara kwa mara bila kuitikiwa.

Ng'walu alikuwa anawaka homa. Macho yalikuwa wazi lakini hayakumtambua mtu. Huko Ujibuni ni kosa kuweka dawa nyumbani. Dawa zote ziko nyuma ya Ukuta, na sheria yake ilikuwa mikononi mwa Wasomaji. Walimwachia jirani, Mama Sizya, amkande mtoto kwa maji, wakatoka mbio.

Msomaji wa dirisha la dawa aliitwa Ndimbo. Alikuwa mtu mpole, na alipomwona Kabula alivyokuwa hakupoteza muda. Alifungua sheria, akasoma, akagonga. Mgonjwa ni mtoto. Ana homa. Mlezi wake yupo. Mpe dawa ya homa mtoto aitwaye Ng. Hapo akasita, akagonga tena. Walu. Ndani ya Ukuta kitu kikalia kama komeo, na kidirisha kikafungwa.

Ndimbo aliweka nyundo chini. "Mama, jina la mtoto limeishia wapi?"

"Halijaishia popote. Ng'walu. Ni jina la bibi yake."

"Lina kile kialama kinachoning'inia baada ya g."

"Linacho. Bila hicho si jina lake."

"Katika sheria zetu kialama hicho ndicho kinachofunga jina. Watenda wakikikuta wanajua jina limekwisha, kinachofuata ni amri. Sasa wameamriwa walu. Amri ya walu hawaijui, wamefunga."

"Waambie si amri," Kabula alisema. "Waambie ni mtoto."

Mwanamke mmoja katika foleni alishauri mtoto abadilishwe jina; wa kwake alipozaliwa aliitwa Ng'wasi, sasa ni Upendo, na hana shida. Ndimbo alitikisa kichwa. Dawa ya mtu kupewa mtu mwenye jina jingine ni wizi, na kubadili jina hufanywa kwenye bamba la majina, upande wa Wafuaji, ambao walikuwa wamezima tanuri kwa ajili ya Mjadala.

"Lakini ninyi mnasahihisha papo hapo," Mwasiti alisema. "Nimeona kwa macho yangu. Ongeza mstari mmoja, useme kialama kilicho ndani ya jina ni cha jina."

"Ni kazi ndogo," Ndimbo alisema bila kumtazama. "Ila Bwana Mkwande ametukataza tusiguse mstari wowote mpaka Mjadala uishe. Tukigusa leo, Wafuaji watasema tumekiri."

Wakamtafuta Bwana Mkwande. Alikuwa ukumbini, amesimama mbele ya viti vitupu akijizoeza hotuba yake. Aliwasikiliza mpaka mwisho. Haikuwa tabia yake kumkatiza mtu.

"Poleni sana," alisema. "Lakini tazameni: kosa limeonekana. Kuonekana kwa kosa ndiyo sifa yetu. Kwa Wafuaji lingekaa ndani ya shaba miaka na miaka."

"Bwana, mtoto anawaka," Kabula alisema.

"Ndiyo maana nasema baada ya Mjadala, sisemi mwakani. Nenda kwa wenzetu uone kama utapata ahadi ya karibu hivyo."

Bi Adira aliwakaribisha kwenye kiti chenye mto na kuwaletea chai. Aliposikia jambo lenyewe aliwaita wasaidizi wake wasogee nao wasikie. "Hii ndiyo habari tuliyokuwa tunaitafuta," alisema. "Kosa limengoja kimya mpaka limemkuta mama na mtoto wake dirishani. Tanuri letu lingelinasa mapema kabla mtu yeyote hajaumia. Mama, utapanda jukwaani uyaseme haya kwa kinywa chako?"

"Nitapewa dawa?"

"Tukishinda, sheria ya dawa itakuja kwetu, tutaifua."

Mwasiti aliweka kikombe chini. "Bi Adira, kosa hili haliko katika maandishi ya sheria. Limo katika jina, na jina linaletwa na mtu baada ya sheria kufuliwa. Bamba lenu lingejua jina hili limeishia wapi?"

"Tanuri hunasa kila neno lililoandikwa vibaya."

"Hakuna neno lililoandikwa vibaya. Nakuuliza, lingejua?"

Bi Adira alimtazama mkuu wa tanuri, aliyekuwa kati ya wale wasaidizi. Mkuu wa tanuri alitazama sakafu.

"Hilo," Bi Adira alisema, "ni suala la kiufundi."

Kabula alikuwa ameshasimama. Hakunywa ile chai. Njiani kurudi nyumbani kumtazama mtoto alitembea kama mtu aliyebeba ndoo iliyojaa kichwani, asiyethubutu kugeuza shingo. Mwasiti alimwambia aende, yeye ataingia ukumbini, kwa kuwa huko ndiko waliko wenye amri wote; akiwaambia mbele ya watu hawatakuwa na pa kujificha. Hiyo ndiyo imani aliyokuwa nayo.

Ukumbi ulijaa. Pande mbili zilikaa zikitazamana, na katikati, juu kidogo, alikaa karani wa Mjadala. Walianza na mwendo. Mfuaji mmoja alieleza jinsi bamba lake linavyoweza kutoa chumvi kabla ukope haujashuka. Msomaji mmoja akajibu kwamba chumvi isiyoombwa hata ikiruka kama risasi ni chumvi isiyoombwa. Watu wakacheka, wakapiga meza. Kisha wakaingia kwenye swali la kama nyundo ni ya heshima kuliko tanuri, na wazee wa pande zote mbili walinena kwa methali nzuri sana. Mwasiti aliomba nafasi mara kwa mara akaambiwa zamu yake inakuja. Jua lilikuwa limeshavuka paa la ukumbi alipoitwa.

"Shahidi," karani alisema, "tuambie, kwa uzoefu wako, ipi ni bora?"

Mwasiti alisimama.

"Kazi yangu naifanya kwa njia zote mbili," alisema. "Siku nyingine nasimama kizimbani, mtu anasema sentensi, naigeuza palepale. Siku nyingine napewa maandishi naenda kuyageuza nyumbani, nayaleta yamekamilika. Kila njia ina mahali pake. Lakini mimi sijawahi kumwambia mshtakiwa kwamba jina lake ndilo lenye makosa. Jina likinishinda ulimi, ni mimi niliyeshindwa, na ninakaa nalo mpaka nilijue. Kuna mtoto hapa mjini anaitwa Ng'walu. Ana homa. Dawa iko nyuma ya Ukuta ule, na kati yake na dawa hakuna kitu ila mstari mmoja ambao mtu yeyote humu anaweza kuuandika. Mmekaa hapa tangu asubuhi. Ninyi hamgombanii njia ya kuwasaidia watu. Mnagombania nani asifiwe, na watu ni mfano tu wa kutolea katika hotuba. Mtu mmoja atoke sasa hivi akaandike huo mstari. Nimemaliza."

Kisha ukumbi mzima ukasimama kumpigia makofi. Bwana Mkwande alilengwalengwa na machozi. Alisema shahidi amethibitisha wazi kwamba mstari mmoja unatosha, jambo linalowezekana kwa Wasomaji peke yao. Bi Adira naye akasema shahidi amethibitisha kwamba kosa limemkuta mwombaji dirishani, jambo linalotokea kwa Wasomaji peke yao. Wakaanza kujibizana kuhusu maana ya ushahidi wake. Hakuna aliyetoka.

Hasira iliyompanda Mwasiti ilikuwa ya aina ambayo haipigi kelele. Alishuka, akapita katikati ya viti, akatoka nje, akaenda moja kwa moja dirishani kwa Ndimbo. Alichukua mkaa uliokuwa pale mezani. Ndimbo alielewa.

"Nikiusoma nitafukuzwa," alisema.

"Ndiyo."

Alimtazama Mwasiti kidogo, akasogeza sheria mbele yake. Mwasiti aliandika: Kialama kilicho ndani ya jina ni cha jina. Kazi yenyewe ilikuwa fupi kuliko kunawa mikono. Ndimbo alisoma, akagonga, akafika kwenye jina, akaligonga lote. Kidirisha kikafunguka na kichupa kikasimama pale, kikiwa bado na ubaridi wa huko ndani.

Mwasiti alikimbia nacho. Alipokata kona ya nyumba ya wageni alimwona Mama Sizya amekaa kizingitini, ameweka kitambaa cha kukandia juu ya goti, kimeshakauka. Hakuinuka. Mwasiti alipunguza mwendo, kisha akasimama. Ndani hakukuwa na kilio. Kabula alikuwa amemlaza mwanawe kwenye mkeka, anamfunga kidevu kwa leso, taratibu, kama anayeogopa kumwamsha.

"Imepatikana?" aliuliza.

"Imepatikana."

"Haya."

Walimzika kabla jua halijatua. Bwana Mkwande alileta sanda nzuri. Bi Adira alileta ubani. Kila mmoja alimpa Kabula mkono na kumwambia msiba huu ni wa taifa, na kila mmoja alipofika pembeni alimuuliza Mwasiti kwa sauti ya chini kama yule mama angekuwa tayari kuja ukumbini. Ndimbo alichimba kaburi pamoja na wanaume wengine. Alikuwa ameshanyang'anywa nyundo. Mwasiti naye alikuwa ameambiwa aondoke nchini, kwa kosa la mgeni kuandika sheria, ila akaruhusiwa kungoja Mjadala ufungwe kwa heshima ya ushahidi wake.

Jioni hiyo Kabula alikwenda ukumbini. Mwasiti alimsihi asiende, aliogopa watamla. Kabula alisema, "Nina neno nao," akajifunga kanga yake nyeusi, akatangulia.

Alipopanda jukwaani pande zote mbili zilisimama. Walisubiri alie, au alaumu, kila upande ukiwa na jibu lake mkononi. Yeye alimtazama Bwana Mkwande.

"Mwanangu alikuwa anaitwa nani?"

Bwana Mkwande alishangaa kidogo. "Ng'walu, mama. Mungu amrehemu."

Kabula akamgeukia Bi Adira. "Na wewe."

"Ng'walu," Bi Adira alisema.

Akawageukia waliokaa nyuma yao, mmoja mmoja, Wasomaji na Wafuaji, wazee wa methali, mkuu wa tanuri. Kila aliyenyooshewa kidole alilitaja. Hakuna aliyesita katikati. Hakuna aliyeuliza limeishia wapi. Lilipita ukumbini kutoka mdomo hadi mdomo, zima.

"Kumbe mnaliweza," Kabula alisema.

Alishuka ngazi. Bwana Mkwande alikaa, ndevu zake zikagusa kifua. Bi Adira alizungusha bangili moja, akaiacha. Mwasiti, aliyekuwa amesimama karibu na mlango na mzigo wake begani, alidhani kwa kitambo kidogo kwamba sasa neno limeingia, kwamba nchi hii sasa itasikia.

Karani wa Mjadala alikohoa, akachovya kalamu wino. Alikuwa mtu wa adabu, na aliuliza kwa adabu, "Maneno ya mama yaandikwe upande wa Wasomaji, au wa Wafuaji?"

Ukumbi ukainua vichwa. Bwana Mkwande alikuwa ameshafungua kinywa, na Bi Adira pia.

"Andika pande zote mbili," Mwasiti alisema kutoka mlangoni. "Andika alikufa."